Trekta Kuukuu la Magurudumu Manne: Tuliyoyaona Handeni na Korogwe

Katika mkutano wetu uliopita lilizuka shauri la kununua trekta kwa fedha za mfuko wa Chama, ili wanachama wenye mashamba Bara, upande wa Handeni na Korogwe, wapate kulima kwa wakati bila ya kubembeleza wenye matrekta ya kukodi. Wengine walisema linunuliwe jipya kwa mkopo. Wengine walisema linunuliwe kuukuu la kawaida, kwa kuwa bei yake ni nafuu. Maneno yakawa mengi, jua likatua, na shauri likaahirishwa. Sisi wanne tuliokaa kimya siku ile tumeona si haki kuendelea kunyamaza. Tangu mwaka wa 2012 tunamiliki kwa shirika matrekta mawili makuukuu ya magurudumu manne. Yametupa fedha na yametula fedha, na yote mawili tumeyaandika katika daftari.

Rai yetu tunaitanguliza, ili msomaji asichoke kungoja. Chama kinunue trekta kuukuu la magurudumu manne, moja tu, kwa fedha taslimu. Na katika kila shilingi tatu zitakazotengwa kwa jambo hili, moja isiguswe siku ya kununua, bali iwekwe kwa spea na matengenezo. Sababu zetu ni hizi zifuatazo.

Kwanza tukumbushane kwa nini mtu wa karafuu akajikuta analima mahindi Handeni. Mkarafuu humngojesha mwenyewe miaka 6 hata 8 kabla ya kuzaa vyema, na ukishaanza kuzaa hauzai sawasawa kila mwaka. Mwaka wa neema hufuatwa na miaka ya uchache. Tena mkarafuu hauna kinga mbele ya upepo. Tufani ya mwaka wa 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja kwa mara moja, na tangu hapo Pemba ikashika nafasi ya kwanza. Kwa hiyo si ajabu mwenye akili akavuka bahari kwenda Tanga kutafuta riziki ya pili ya kumvusha miaka ya uchache. Lakini shamba la Bara likianza kula fedha za karafuu badala ya kuziongeza, hapo riziki ya pili imekuwa adui wa ile ya kwanza. Kwa sababu hii shauri la trekta si dogo.

Sasa tutazame ardhi yenyewe. Ardhi ya Handeni si moja. Juu kwenye miinuko kuna udongo mwekundu, ambao ukikauka huwa mgumu kama sakafu, na ukilowa kiasi hulimika vizuri. Chini mabondeni kuna udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao kiangazi hupasuka nyufa za kuingia mkono, na mvua ikinyesha hunata kama ulimbo. Korogwe nako, ukifuata mto Pangani na bonde la Lwengera, na kule Mombo kwenye majaruba ya mpunga, ardhi ni nzito vile vile. Mvua za huko ni mbili kama zetu, vuli na masika, lakini za Handeni hazina ahadi. Huja zikakatika, na mkulima aliyechelewa wiki mbili huvuna mabua. Basi thamani ya trekta huko hutokana na siku ambazo linaweza kuingia shambani, kuliko ukubwa wa injini yake.

Hapo ndipo yanapotofautiana la magurudumu mawili na la manne. Katika la mawili, injini huzungusha magurudumu ya nyuma tu. Yale ya mbele ni ya kuelekeza njia, nayo husukumwa kama mkokoteni. Katika la manne, injini huzungusha na ya mbele pia, na uzito wa mbele, ambao kwa kawaida hukaribia asilimia 40 ya uzito wote, nao hushika ardhi na kuvuta. Mwaka wetu wa kwanza, kabla hatujanunua, tulikodi la magurudumu mawili. Lilikuwa trekta zima na dreva wake hodari, lakini lilizama bondeni siku mbili, na lilipotolewa mvua ilikuwa imekwisha kukata. Ekari tulizopanda nyuma ya siku zile hazikutupa hata mbegu yake. Hatumlaumu mwenye trekta, maana tulilipeleka mahali pasipolifaa.

Haya, tuje kwenye matrekta yetu mawili. Majina ya viwanda vyao hatutayataja katika khabari za yaliyotukuta, kwani trekta moja lililopita mikononi mwa watu wengi haliwezi kuwa shahidi wa kiwanda kizima. Tutayaita kama wanavyoyaita vijana wetu wa shambani. La kwanza ni Bi Kizee. La pili ni Kijana, ingawa naye alikwisha pita miaka 20 tulipomnunua.

Bi Kizee ni wa mtindo wa zamani. Shafti inayopeleka nguvu mbele hupita ubavuni, upande wa kulia, nje ya tumbo la trekta. Kijana shafti yake hupita katikati, chini ya tumbo, na imefunikwa kwa bati nene. Mtu aliyesimama barabarani ataona tofauti hii ni ndogo, lakini shambani ndiyo iliyotufundisha kuliko zote. Mashamba mengi ya Handeni yalikuwa msitu juzi tu, na visiki bado vimo. Bi Kizee alipigwa na kisiki ubavuni mara mbili katika miaka mitatu, na mara zote mbili shafti ilipinda. Tena viungo vyake vinataka grisi kila asubuhi. Dreva akisahau wiki moja, utasikia vinalia. Kijana hajapigwa hata mara moja, na shafti yake haina viungo vingi vya kupaka.

Katika kugeuka, Kijana hukata kona kwa kufupi pande zote mbili. Bi Kizee hugeuka vyema kushoto, lakini kulia hutaka nafasi pana, na mwisho wa kila mstari hupoteza muda. Kwa ekari tano si kitu. Kwa ekari mia, muda huo huwa siku.

Katika kuvuta, tunasema kweli, Bi Kizee hashindwi. Injini yake ni nzito, ya mwendo wa pole, na plau ya sahani tatu huivuta kwenye udongo mkavu bila ya kulalamika. Kijana ana nguvu zaidi kwa maandishi, lakini ni mwepesi, na kwenye udongo mkavu ilitubidi kumtia vyuma vya uzito mbele na maji ndani ya matairi ya nyuma ndipo akatulia. Katika dizeli, daftari letu linaonyesha Bi Kizee hunywa lita 9 kwa ekari moja ya kulima mara ya kwanza, na Kijana lita 8. Tofauti hiyo haitoshi kumfukuza mtu mzima.

Katika kuinua jembe, Bi Kizee amechoka. Pampu yake ya haidroliki imefanyiwa kazi mara mbili. Kijana huinua haro nzito na kuishikilia juu mpaka mwisho wa safari.

Basi ukituuliza lipi bora, tutajibu kwamba mwenye shamba safi lisilo na visiki anaweza kumchukua Bi Kizee kwa bei yake ndogo na asijute. Mwenye shamba jipya la Handeni atafute mfano wa Kijana, shafti ya katikati, hata kama bei imezidi. Na kwa kuwa trekta la Chama litakwenda kwenye mashamba ya watu wengi, mengine yana visiki na mengine hayana, sisi tunachagua shafti ya katikati.

Sasa tuseme makosa yetu, maana hayo ndiyo yenye faida zaidi kwenu.

Kosa la kwanza lilikuwa la lami. Tulimtuma dreva alitoe Bi Kizee Korogwe alilete Handeni kwa barabara, wala hatukumwambia kitu. Kijana wa watu akafungia magurudumu ya mbele tangu mwanzo wa safari, akidhani manne ni bora kuliko mawili popote. Sikilizeni kwa nini si hivyo. Magurudumu ya mbele ya trekta la namna hii hutengenezwa yatangulie ya nyuma kidogo, ili yavute badala ya kuburuzwa. Kwenye udongo laini, tofauti hiyo humalizika kwa tairi kuteleza kidogo. Kwenye lami tairi halitelezi, basi nguvu hujifunga ndani ya gia na shafti kama kamba inayosokotwa, mpaka kitu kikatike. Kwetu lilikatika gia la sanduku la mbele. Dreva hakuwa na kosa. Kosa ni letu tuliompa chombo bila ya kumpa elimu yake.

Kosa la pili lilikuwa la matairi. Tulipata matairi ya mbele yaliyotumika, kwa bei ya kuchekesha, nayo yalikuwa makubwa kidogo kuliko ya asili. Tukafurahi. Miezi saba baadaye beringi za mbele zilikuwa zimekwisha. Fundi mmoja mzee wa Korogwe alitutazama akasema, "Wanangu, kila tairi la mbele lina mwenzake wa nyuma. Mkimpa mwenza asiyemfaa, ndoa itavunjika." Akatufundisha kipimo ambacho kila mwanachama anaweza kukifanya. Piga alama ya chokaa kwenye tairi la mbele na la nyuma. Achia magurudumu ya mbele yasivute, nenda mpaka la nyuma lizunguke mara 10, na uhesabu la mbele limezunguka mara ngapi. Kisha fungia ya mbele, uende tena kwenye mchanga laini, uhesabu mara ya pili. Hesabu ya pili izidi ya kwanza kidogo tu, kati ya asilimia 1 na 5. Kwa mfano, ikiwa ya kwanza ni 13 na nusu, na ya pili ni 14, matairi yako yanapatana. Ikiwa hazitofautiani, au ya pili ni ndogo, au imezidi mno, usilitie trekta hilo jembe.

Gharama ya makosa haya mawili ilikula mahindi ya ekari 15. Fedha hatukuwa nazo, kwa sababu tulikuwa tumezimaliza zote siku ya kununua. Mmoja wetu akalazimika kukodisha mikarafuu yake kabla ya msimu, kwa bei ya kutupa. Msimu ulipokuja ulikuwa wa neema, naye akakaa barazani akitazama wachumaji wa mtu mwingine wakipanda miti aliyoachiwa na babu yake. Ndugu zetu, hilo ndilo linalotuogopesha. Wazee wetu wa miaka ya 1930 walijua maana ya kuishi kwa deni lililofungwa kwenye mikarafuu. Haifai sisi turudi kwenye deni hilo kwa njia ya trekta. Na hiyo ndiyo sababu tunashikilia ile shilingi moja katika tatu.

Baada ya hayo, tuzungumze khabari ya spea, maana trekta kuukuu huishi kwa spea. Jambo la kuuliza ni hili: aliyelitengeneza yupo wapi leo, na nani anaendelea kutengeneza vipande vyake? Matrekta ya Massey Ferguson ya mifano ya zamani yaliendelea kutengenezwa kwa mikataba katika nchi kama India na Pakistan, kwa hiyo vipande vyake vingi bado vinatoka viwandani. Matrekta ya Ford hayatengenezwi tena kwa jina hilo, kwani kazi hiyo ilichukuliwa na Fiat mwaka wa 1991, lakini jina la New Holland liliirithi na spea nyingi hupatikana kwa jina hilo. Valmet, ambazo ziliunganishwa Kibaha miaka ya 1980 kwa msaada wa Finland, bado utaziona huku na huku, nazo zilikuwa imara. Ila mnunuzi aulize kwanza spea zake zitatoka wapi. Ama kampuni ya Ursus ya Poland, ambayo matrekta yake yaliunganishwa hapo hapo Kibaha miaka ya 2010, ilifilisika mwaka wa 2021. Haya si ya kumlaumu mtu. Ni mambo ya mnunuzi kuyajua kabla hajafungua mfuko.

Tena iko siri moja ambayo wauzaji wengi hawaisemi. Ekseli ya mbele mara nyingi haikutengenezwa na kiwanda kilichoandikwa ubavuni mwa trekta. Carraro wa Italia na ZF wa Ujerumani wameuzia ekseli viwanda vingi vyenye majina tofauti. Ekseli hizo huwa na kibati chake chenye jina na nambari. Andika nambari hiyo siku ya kununua, kabla haijaliwa na kutu. Ukienda dukani na nambari ya ekseli utapata kitu chako. Ukienda na rangi ya trekta utarudi na kitu cha mtu mwingine.

Wanaotaka jipya kwa mkopo wana hoja, wala hatuwadharau. Jipya lina dhamana, halilali gereji, na dreva hulipenda. Lakini deni haliulizi kama mvua imenyesha. Vuli ikikosa Handeni, trekta litakaa bure na mkopo utataka kulipwa mwezi ule ule, na mfuko wa Chama hauna chanzo kingine ila karafuu za wanachama. Tena matrekta mapya mengi yana vifaa vya umeme visivyofunguliwa kwa spana, na si kila fundi wa Chanika au wa Mombo ana mashine ya kuvipima. Kipya kinyemi ingawa kidonda.

Wanaotaka la magurudumu mawili nao wana hoja. Kwa kuvuta tela, kwa kupiga haro kwenye udongo mwekundu, na kwa mwenye shamba la juu tupu, la mawili linatosha na lina vitu vichache vya kuharibika. Kama wanachama wote wangekuwa na mashamba ya juu, tungelikubali. Lakini wengi wetu tumekodi mabondeni, kwa kuwa ndiko unyevu unakodumu.

Na wapo watakaosema mashine ya zamani haina tegemeo, wakatukumbusha mradi wa karanga wa Serikali ya Uingereza uliokuwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Ni kweli kwamba mwaka wa 1947 waliletewa matrekta yaliyobaki ya vita, na sehemu kubwa yakaharibika mapema, na mwaka wa 1951 mradi ukaachwa. Sisi tunausoma mfano huo hivi: walinunua mengi kwa pamoja bila ya kuyachunguza, wakayapeleka mahali pasipo na mafundi wala spea za kutosha, kwenye ardhi wasiyoipima. Ndiyo maana tunasema moja tu, lililochunguzwa, karibu na fundi, na fedha ya spea ikiwa tayari.

Kamati itakapokwenda kutazama, ifanye haya. Ifungue kizibo cha mafuta ya ekseli ya mbele. Yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia. Iinue mbele kwa jeki na kutikisa kila gurudumu kwa mikono. Likicheza, beringi au pini zimekwisha. Itake injini iwashwe ikiwa baridi mbele ya macho yao, si iliyokwisha pashwa moto kabla hawajafika. Ilitie trekta jembe, kwenye udongo wa kweli, saa nzima. Ifanye kile kipimo cha chokaa.

Na mwisho, itazame kama fremu ya chuma ya kumlinda dreva ipo. Sweden ililazimisha fremu hiyo kwa matrekta mapya tangu mwaka wa 1959, kwa sababu trekta likipinduka dreva hapati nafasi ya kuruka. Matrekta mengi makuukuu yamekatwa fremu ili yapite chini ya miti. Likikutwa limekatwa, fremu irudishwe kabla dreva wetu hajapanda. Hilo lisiwe la kujadiliwa bei, maana dreva ni mtoto wa mtu.

Ndugu wanachama, hatudai kwamba tumejua kila kitu. Tumelima kwa miaka, tumekosea kwa gharama yetu, na tumependa nyinyi msilipe mara ya pili kwa makosa yale yale. Shauri hili litarudi mkutanoni. Tutakuja na daftari letu, la mapato na la hasara, liwekwe mezani kila mtu alisome. Aliye na hesabu bora kuliko yetu naye alete yake, na tutamfuata. Lakini asije mtu na picha ya trekta linalong'aa akatuomba tuweke dhamana mikarafuu yetu.